Vyombo vyangu vya kupikia porini, baada ya usiku wa makande mabichi

Usiku ule wa Agosti, juu ya kilima kimoja nyuma ya Kolo, wilayani Kondoa, mimi na mdogo wangu tulilala na njaa huku sufuria imejaa chakula. Yalikuwa makande. Yalichemka saa tatu nzima juu ya mafiga matatu ya mawe, na bado ukiuma harage ni kama umeuma kokoto. Upepo ulianza kuvuma jua lilipozama, ukawa unaupeleka moto pembeni, sufuria inapashwa ubavu mmoja tu. Tulibeba lita nane za maji kwa ajili ya watu wawili. Kila maji yalipokauka tuliongeza, na tulipokata tamaa zilikuwa zimebaki lita tatu hivi, na kesho yake kuna mwendo wa kutwa.

Asubuhi akapita mzee mwenye shamba la chini, ambaye jioni tulikuwa tumemwomba ruhusa ya kulala pale. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tumelalaje. Macho yake yalikuwa kwenye jivu letu na matawi mawili mabichi tuliyoyakata kwa panga tulipoishiwa kuni kavu.

“Binti yangu,” akasema, “milima hii mimi nimeiona ikiwa uchi. Ng’ombe wa baba yangu waliondolewa hapa ili mti huo uote.”

Alikuwa anazungumzia HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973 kwa sababu Kondoa ilikuwa inaliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika sana, na familia kama yake zikashuka na ng’ombe wao. Hakutugombeza. Alitueleza tu, akatuonyesha njia fupi ya kwenda kwenye miamba yenye michoro, akaondoka. Lakini mimi sikuwahi tena kukata tawi la kupikia. Na kwenye miamba yenyewe, ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, sihitaji kuambiwa kwamba moshi na michoro ya kale havikai pamoja.

Niliporudi nyumbani Dodoma nilimwaga kila kitu sakafuni. Sufuria mbili nzito, chaga ya chuma, sahani mbili za bati, mwiko, panga, kisu, vikombe vya udongo (sijui niliwaza nini kubeba udongo mgongoni). Nikavipeleka kwa jirani anayeuza karanga, tukaviweka kwenye mzani wake: kilo tano na nusu. Hapo bado chakula, bado maji.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Nilichoelewa ni kwamba nilikuwa nimeanza na vyombo wakati nilipaswa kuanza na maji. Huku kwetu kiangazi unaweza kutembea kutwa nzima ukivuka makorongo ya mchanga mtupu. Lita moja ya maji ni kilo moja mgongoni. Mimi huhesabu lita nne kwa mtu kwa siku, tatu za kunywa na moja ya kupikia na kila kitu kingine. Ukishakubali kwamba jikoni una lita moja tu, mengine yanajipanga yenyewe. Hakuna chakula cha kuchemsha na kumwaga maji, hakuna cha kuchemka saa nzima, hakuna vyombo vingi vya kuosha. Baada ya maji, jambo la pili ni upepo.

Gesi niliifikiria kwanza. Ule mtungi mdogo wa kilo sita wenye jiko juu yake unapika vizuri sana nyumbani, lakini kilo sita ni za gesi peke yake, chuma chenyewe ni uzito mwingine kama huo. Vile vikopo vidogo vya gesi vya wapanda milima sikuvipata Dodoma, na sikutaka jiko ambalo mafuta yake lazima niagize mbali. Mafuta ya taa yana masizi, na yakivuja kwenye shanta, unga wote umekwisha. Nikabaki na spiriti, ile ya kawaida inayouzwa madukani. Haina masizi, lita yake ni kama gramu 800, na jiko lake halina hata kipande kimoja cha kuharibika.

Jiko lenyewe ni kopo la nyanya, lile dogo la gramu 70. Basi. Unalifungua juu, unalisugua makali kwa msasa, unamimina spiriti, unawasha. Kazi yote iko kwenye kizingio cha upepo, na hapo nilimfuata fundi bati mmoja Majengo, wale wanaotengeneza koroboi na majiko ya mkaa. Nilikwenda na kipande cha bati la kuezekea, akakikataa. Akaniambia bati hilo limepakwa zinki, likishika moto mkali linatoa moshi mbaya kwa mtu aliyeinama juu yake. Akachukua makopo mawili makubwa ya maziwa ya unga, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo ya mbao, akayaunganisha kwa ribiti, akayakunja kuwa mviringo uliopana kidogo kuliko sufuria yangu. Chini akatoboa matundu manane upande mmoja tu. Upande huo ndio unaougeuzia upepo mgongo, hewa iingie bila kuusumbua moto. Juu kidogo akatoboa matundu mengine manne, na ndani yake zikapita spoku mbili za baiskeli, kutoka ukingo hadi ukingo. Sufuria inakaa juu ya spoku, imezama ndani ya bati, chini yake kuna nafasi ya vidole viwili hadi kwenye kopo. Ukimaliza unachomoa spoku, bati linazunguka sufuria kwa nje, kopo linaingia ndani ya sufuria. Alinitoza elfu tatu, na nilirudi baadaye kumwongezea.

Nilijaribu jiko hilo kibarazani jioni kumi mfululizo kabla ya kulibeba popote. Nilipima spiriti kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, bila sindano yake. Nusu lita ya maji, mililita 30 za spiriti, mfuniko juu: dakika tisa yanachemka. Siku moja nikaondoa bati makusudi, upepo ukiwa wa kawaida tu wa saa kumi na moja jioni. Spiriti yote ikaungua ikaisha, na maji ukitia kidole ni vuguvugu. Tangu siku hiyo naamini kwamba hapa kwetu bati ni muhimu kuliko jiko.

Sasa, spiriti inataka heshima. Mchana moto wake hauonekani, kwa hiyo usiongeze mafuta ukidhani umezima. Weka kiganja juu kwa mbali usikilizie joto, kisha subiri kopo lipoe kabisa. Nimebaki na mfuniko wa kopo jingine kwa ajili ya kuufunika moto nikitaka kuuzima. Kiangazi majani yote ni kama kiberiti, na spiriti ikimwagika inakimbia na moto wake, ndiyo maana siwashi jiko kabla sijapata jiwe bapa na kufyeka majani hatua moja pande zote. Siwashi ndani ya hema kamwe. Na chupa yake si chupa ya maji ya kunywa, hata mara moja. Spiriti ya aina hii ni sumu, inaweza kupofusha au kuua. Yangu iko kwenye chupa ya dawa yenye mfuniko mgumu, nimeichora msalaba mwekundu pande zote mbili ili hata gizani kwa tochi ionekane.

Kitu kilichonipunguzia mafuta kuliko vyote ni mfuko wa kushona. Nilichukua kipande cha blanketi kuukuu, nikakitia ndani ya kitenge mikunjo miwili, nikashona umbo la sufuria na kifuniko chake. Mchele unaloweka nusu saa, unachemsha dakika tatu, unazima, unaingiza sufuria mfukoni na kuondoka. Baada ya dakika 25 wali umeiva, umekauka vizuri, na haukushika chini. Ukoko naupenda, lakini ukoko wa porini unakunywea maji ya kuusugulia.

Chakula kilinirudisha kwa bibi, Mvumi. Nilimweleza shida yangu, akacheka sana, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha unga wa mlenda. “Mjukuu wangu, hiki ndicho tulichokuwa tunakula kiangazi kabla hamjajua sokoni kuna nini.” Majani yanachumwa masika, yanaanikwa, yanatwangwa. Mfuko wa kiganja kimoja hauna uzito wowote. Maji yakichemka unatia chembe ya magadi, unga wa mlenda, kijiko cha karanga zilizosagwa, unakoroga, dakika nne umemaliza. Ugali sisongi safarini, kwa sababu kimoto cha kopo hakiwezi, na kusonga juu ya spoku ni kutafuta kumwaga. Ugali wa uwele naupika nyumbani, mgumu, nauviringisha kwenye kitambaa, unaliwa siku ya kwanza. Siku zinazofuata mlenda unakwenda na wali, na Mgogo yeyote ataninunia kwa hilo.

Na makande? Sikuyaacha. Nayapika nyumbani hadi yapasuke, na chumvi na kitunguu, kisha nayatandaza kwenye ungo juu ya paa. Jua la Dodoma la Julai linayakausha siku mbili hadi yalie kama kokoto. Safarini nayaloweka mchana kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, huku natembea. Jioni nayachemsha dakika tano, nayaweka mfukoni. Maharage yanalainika kwa sababu yalishaiva. Unga wa ubuyu kwenye kikombe cha maji, karanga, na zabibu kavu za hapa hapa vinamalizia mengine, havihitaji moto.

Septemba ya mwaka uliofuata tulikwenda Hanang na mwongozaji kutoka Katesh, kwa njia ya Jorodom. Mlima una mita zaidi ya 3,400, na huko maji yanachemka yakiwa bado hayajafika nyuzi 90, hivyo nilijua wali utataka muda zaidi. Nilichemsha dakika saba badala ya tatu, nikauacha mfukoni karibu saa nzima, ukaiva. Ambacho sikukitegemea ni baridi: alfajiri spiriti ilikataa kushika moto, njiti tatu zikazimikia ndani yake. Mwongozaji akaniambia, “Dada, ikumbatie kwanza.” Nikaitia chupa ndani ya koti, tukakaa kimya tunatazama kunakucha, na baada ya robo saa ikawaka kwa njiti moja.

Vyote hivi, sufuria moja na mfuniko wake, bati, spoku, kopo, mfuko, vikombe viwili vya plastiki, vijiko, kisu kidogo na viberiti viwili vilivyofungwa kwenye nailoni, kwa yule yule jirani muuza karanga vilipima gramu 890. Mililita 300 za spiriti zinatutosha watu wawili siku tatu, na kuna kunywa chai mara mbili kwa siku.

Kinachonisumbua bado ni kishikio. Sufuria zetu hazina mkono, na kitambaa karibu na moto usioonekana sikipendi. Nimemwomba fundi anitengenezee koleo nyepesi kutokana na chuma cha mwavuli uliovunjika. Amesema nipite Jumamosi.