Sabuni ya mwani: chumvi, mchanga na mizani

Tangu kilimo cha mwani kianze Zanzibar mwaka 1989, mavuno mengi ya Paje, Jambiani na Pemba yamekuwa yakiuzwa makavu, kwa kilo, yakaenda nje kutolewa karajini, ule ute unaoifanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito. Kwa sabuni huhitaji kotonii, aina ya mwani yenye bei. Spinosamu, aina ya bei ndogo, inatosha kabisa.

Kazi kubwa iko kwenye unga. Suuza mwani kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu, ukiutikisa ili mchanga ushuke. Mchanga ukibaki utakwaruza ngozi. Chumvi ikibaki itavuta unyevu, na sabuni itatoka jasho na kumeguka. Anika juu ya chanja, si chini, mpaka uvunjike kama kijiti. Saga adhuhuri, ukiwa umetoka tu juani, maana mwani uliolala nje hulainika tena na kunata kwenye mashine. Chekecha kwa chekecheke la matundu madogo.

Vipimo: mafuta ya nazi gramu 1,000, kostiki soda gramu 165, maji gramu 330, unga wa mwani gramu 20, mafuta ya karafuu gramu 5. Vyote kwa mizani, hata maji; kikombe hakifai hapa. Soda hiyo imepunguzwa kidogo makusudi, kwani kamili, ya kugeuza mafuta yote kuwa sabuni, ingekuwa gramu 183 na sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Mafuta ya kupika nyumbani yachemshwe mpaka yaache kutokota. Yakibaki na maji, mizani itayahesabu maji hayo kuwa mafuta, soda itazidi, na sabuni itawasha.

Vaa glovu na miwani. Mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, maana yataruka usoni. Tumia ndoo nene ya plastiki au chuma cha pua. Sufuria ya alumini huliwa na soda na kutoa gesi inayoshika moto. Acha maji ya soda yapoe hadi nyuzi 40 hivi.

Unga ukoroge kwanza kwenye mafuta. Ukiutia majini unavimba na kufanya mabuje yasiyoyeyuka. Kisha mimina maji ya soda taratibu, koroga mpaka iwe uji mwepesi unaoacha mchirizi juu. Karafuu ije mwisho, na ukishaitia mimina haraka kwenye kalibu, kwani huigandisha sabuni ghafla. Wengine huongeza unga hadi gramu 60 ili sabuni ionekane ya mwani kweli. Kinachopatikana ni vipande vyenye madoa vinavyopasuka.

Kata siku hiyohiyo, ikiwa ngumu kama jibini. Sabuni ya nazi ikilala mpaka kesho hupasuka chini ya kisu. Panga vipande kivulini kwa wiki 4, vikiachana, na usivifunge kwenye nailoni kabla ya hapo.