Kitambaa cha Kuvutika Hakidai Mashine Mpya

Hapa Lubumbashi wengi wetu tulijifunza kushona kwa kikwembe, yaani kitenge, kitambaa ambacho ukikivuta hakiongezeki na ukikikata hubaki kama ulivyokikata. Ndiyo sababu mtu akileta jezi ya TP Mazembe ipunguzwe ubavuni, au fulana ya mtoto iliyofumuka begani, mafundi wengi humwambia aende kwa mwenye ovaloki, ile mashine maalumu ya kushona na kufunga kingo za kitambaa. Sikubaliani nao. Cherehani ya kawaida ya nyumbani hushona vizuri kitambaa cha kuvutika, mradi sindano iwe inayofaa na mshono wenyewe uweze kuvutika pamoja na nguo.

Kikwembe kimefumwa kwa nyuzi zinazokatizana, ilhali kitambaa cha fulana kimeundwa kwa vitanzi vidogo, kila kimoja kikiwa kimepitishwa ndani ya kingine, na vitanzi hivyo hufunguka unapovuta na kurudi unapoachia. Mara nyingine huongezwa uzi wa elastani, ule ambao Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont aliuvumbua nchini Marekani mwaka 1958, na ambao wengi wanaujua kwa jina la Lycra. Sindano yenye ncha kali huweza kukata kitanzi, na kitanzi kilichokatika huacha tundu ambalo hukua kadiri nguo inavyofuliwa. Sindano ya kazi hii ina ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi kando na kupita katikati yake.

Unaponunua, soma herufi zilizo kwenye pakiti wala usimtegemee muuzaji. SUK ni sindano ya jezi, yaani ya kitambaa cha vitanzi kama cha fulana. S peke yake ni ya vitambaa vyenye elastani nyingi. J, ambayo huwapoteza wengi, ni ya jinzi. Namba 75/11 inafaa fulana nyepesi, na 90/14 inafaa zile pulova nzito tunazowavalisha watoto asubuhi za baridi za Juni na Julai.

Mshono ukirukaruka, badilisha sindano kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kitambaa kinachovutika hung'ang'ania sindano inapopanda, na hivyo kile kitanzi cha uzi kinachopaswa kutokea nyuma ya sindano hakifunguki vya kutosha. Ndoano ya chini hupita bila kukikamata, na kushona huko kumepotea. Nimeona mashine nzima ikifunguliwa na kutiwa mafuta kwa sababu ya sindano iliyochakaa.

Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba hukatika upesi ukivutwa. Kwa mshono, tumia zigizaga nyembamba sana, upana wa milimita 0.5 hadi 1 na urefu wa 2.5 hivi, ambayo kwa mbali huonekana kama mstari ulionyooka. Shona kwanza kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho, kisha ukivute kwa nguvu: uzi ukikatika, ongeza upana kidogo. Wenye mashine nyeusi za pedali, ambazo tunazishukuru kila umeme unapokatika, wengi hawana zigizaga. Wao wapunguze urefu wa mshono hadi milimita 2 hivi, walegeze kidogo uzi wa juu, na kukinyoosha kitambaa taratibu mbele na nyuma ya sindano kwa nguvu sawa.

Mwenye zigizaga, kinyume chake, asivute kabisa. Meno ya chini yakisukuma na mkono nao ukivuta, mshono hutoka umejaa mawimbi. Kama mashine ina skrubu ya kupunguza uzito wa kiguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, ilegezwe. Kama haina, karatasi laini iwekwe chini ya kitambaa na kuchanwa baadaye. Mawimbi madogo hupungua kwa mvuke wa pasi, lakini pasi hiyo ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe.

Begani hali ni tofauti, kwa sababu hapo hatutaki nguo ivutike, la sivyo mikono itateremka. Shonea ndani ya mshono ukanda mwembamba wa kitambaa kisichovutika. Kipande cha ukingo wa kikwembe kinatosha. Shingoni, ukanda wa kola ukatwe mfupi kuliko tundu la shingo, kama asilimia 85 ya mzunguko wake, kisha uvutwe kidogo kidogo unaposhonwa ili ulale bila kufunguka.

Kwa anayeanza, singependekeza anunue kitambaa kipya. Fulana kubwa ya mitumba kutoka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hutoa ya mtoto, tena imekwisha kufuliwa, hivyo haitarudi sana. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Pindo ndilo kazi ngumu kuliko zote: mwenye zigizaga anaweza kutumia sindano pacha, inayotoa mistari miwili juu na zigizaga chini, lakini njia rahisi ni kuweka mwisho wa patroni ya karatasi juu ya pindo la kiwandani na kukata hapo, pindo likabaki lilivyo.