Nilivyopima joto la sayari TRAPPIST-1 b kwa data za James Webb

Nyota kibete nyekundu TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka 40 hivi ya nuru, inazungukwa na sayari saba za mawe. Nilianza na b, iliyo karibu zaidi na nyota. Ndiyo yenye joto kali kuliko zote, na bila joto hakuna cha kupima. Nilitaka kujua kama ina angahewa au ni mwamba mtupu.

Kila baada ya siku moja na nusu b hupita nyuma ya nyota yake. Inapojificha, mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho, unaotolewa na vitu vyenye joto) unaotufikia hupungua kidogo sana, na huo uliopungua ndio unaotoka upande wake wa mchana. Mwaka 2022 darubini ya James Webb iliitazama ikijificha mara 5, kwa kichujio kinachopitisha mwanga wenye urefu wa wimbi wa mikromita 15, pale ambapo hewa ya ukaa hufyonza sana mwanga. Data hizo yeyote anaruhusiwa kuzipakua.

Faili ghafi zingemaliza bando lote, kwa hiyo nilichukua zilizokwisha kusahihishwa hatua za awali, nikazichakata kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Anayeanza namshauri afanye hivyohivyo. Kwenye kila picha nilizungushia nyota duara, nikajumlisha mwanga uliomo, nikatoa ule wa pembeni. Duara likiwa dogo, mwanga wa nyota unabaki nje. Likiwa kubwa, linazoa usiohusika. Nilijaribu vipimo tofauti mpaka nukta za grafu zikatulia. Dakika za mwanzo za kila tazamo nilizikata, maana kigunduzi kinakuwa bado hakijatulia.

Tukio moja peke yake lilinionyesha nukta zilizotapakaa tu. Nilipoyalaza yote matano pamoja kwa kufuata saa ya kujificha, bonde likajitokeza. Nilishangilia kwa sauti! Timu ya Thomas Greene wa NASA, iliyochapisha matokeo yake 2023, ilipata upungufu wa sehemu 861 katika milioni, na wangu uliangukia karibu na hapo. Hilo ni joto la kelvini 500 hivi, yaani nyuzi 230 hivi za Selsiasi. Angahewa nene ingehamishia joto upande wa usiku, na mchana ungebaki kwenye kelvini 400 hivi. Kwa hiyo angahewa nene ya namna hiyo sikuiona.

Sasa niko kwenye sayari e ya nyota hiyohiyo, ambayo kwa umbali wake inaweza kuwa na maji ya kimiminika. Hiyo ni baridi mno kwa njia hii, inabidi kuivizia ikipita mbele ya nyota, na huko madoa ya nyota yenyewe yanachafua kipimo.