Zamu ya Mama Mkwe

Binti yetu alizaliwa mwezi wa saba mwaka 2017, wiki saba kabla ya tarehe ya matazamio iliyoandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki. Anayeijua Njombe anajua mwezi wa saba ukoje. Asubuhi sakitu imetanda mabondeni, majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na watoto wanakuja shule wamevaa masweta mawili mawili. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi kwenye kijiji kimoja upande wa Uwemba. Kwetu ni Iringa mjini, ila nilipangiwa kazi huko, nikaolewa huko huko, na mama mkwe alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu.

Mimba haikunisumbua. Kila nilipohudhuria kliniki presha ilikuwa nzuri, damu ya kutosha, mkojo safi. Vidonge vya madini ya chuma nilimeza hata siku ambazo vilinitia kichefuchefu. Kwa hiyo usiku ule nilipoamka nikakuta shuka limelowa, wala sina uchungu wowote, sikuelewa kitu. Mume wangu alitoka na tochi kumwita mama yake. Alikuja amejitanda blanketi juu ya kitenge, akainama, akanusa lile shuka, akanyooka.

"Chupa imepasuka. Tunakwenda mjini sasa hivi."

Mnunuzi mmoja wa mbao alikuwa amelala kijijini na pikapu yake. Aliamshwa, hakunung'unika. Mimi nilikaa mbele. Mume wangu na mama mkwe walipanda nyuma, juu ya mbao, wakipigwa na upepo wa saa tisa usiku mpaka tunaingia mjini. Mama huyo alikuwa ameshavuka miaka sitini. Nalitaja hili kwa sababu habari za wakwe zikianza, wengi wana malalamiko ya kutoa, na mimi nina hili.

Daktari wa zamu alinieleza bila kunificha. Mtoto wa wiki thelathini na tatu anaweza kuishi, lakini mapafu yake bado hayajawa tayari kwa hewa ya nje. Nikachomwa sindano za deksamethasoni za kuyakomaza, moja kila baada ya saa kumi na mbili, na dawa nyingine za kuzuia maambukizi kwa kuwa chupa ilikuwa imeshapasuka. "Kila saa anayokaa tumboni ni faida," alisema. Nililala chali nikiomba uchungu usije. Nadhani ni wachache wanaoingia leba na dua ya namna hiyo.

Ukaja. Sindano ya mwisho ya mapafu nilikuwa nimeshaipata, na hilo lilimfanya mkunga atabasamu alipopokea faili langu. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye mikono ya joto. Alinipapasa mgongo sehemu ya chini ya kiuno kila uchungu ulipopanda, na ulipotulia alinipa chai ya rangi yenye sukari nyingi, funda kwa funda. Uchungu siwezi kuueleza kwa mtu ambaye hajaupitia, na aliyeupitia hana haja ya kuelezwa. Ninachokumbuka vizuri ni sauti yake: "Usisukume bado, mwanangu. Pumua. Huyu ni mdogo, tutamtoa taratibu." Niliposhikilia pumzi alinigonga begani nikaiachia. Aliposema sasa, ikawa sasa, na mtoto akatoka kwa urahisi ulionitisha.

Alilia mara moja, kidogo. Akanionyesha: wa kike. Ngozi nyekundu, nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana, masikio yamelala, vidole vyembamba kama vya mtu mzima aliyekonda. Gramu 1,700. Kisha wakamfunga, wakaondoka naye kwenda kwenye chumba cha mashine ya joto na oksijeni.

Nilirudishwa wodini mikono mitupu. Kitanda cha kulia mtoto ananyonya, cha kushoto mtoto analia, mbele yangu bibi mmoja anachungulia mjukuu wake na kumsifia pua. Wote walinipa pole na hongera kwa pamoja, na sikujua nijibu ipi. Titi moja likaanza kuuma. Niliuliza kila aliyepita na koti jeupe, na kila mmoja alinijibu vizuri: anapumua, anaangaliwa, ngoja atulie kwanza. Walifuata utaratibu uliokuwepo wakati ule. Mtoto njiti anawekwa kwenye mashine mpaka awe imara, ndipo anapewa mama.

Miaka minne baadaye, mwaka 2021, nilisoma habari za utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Walichukua watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi gramu 1,799, uzito wa binti yangu umo humo, wakawaweka wengine kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri watulie. Vifo ndani ya siku 28 za kwanza vikapungua kwa asilimia 25 kuliko kwa wale waliosubiri. Niliisoma nikiwa nasahihisha madaftari, nikaweka kalamu chini. Zile saa nilizolala nikisikiliza watoto wa wenzangu zilinirudia zote. Simlaumu mtu. Waliokuwa zamu siku ile walifanya kwa moyo wote yale yaliyojulikana. Lakini nafurahi kwa kila mama atakayejifungua njiti sasa, atakayeambiwa: fungua kifua, mtoto wako huyu hapa.

Kesho yake jioni oksijeni ilitolewa, nikahamishiwa chumba cha kangaruu. Kilikuwa chumba kidogo chenye madirisha yaliyozibwa vizuri na vitanda vichache, na ndani yake akina mama waliokaa nusu wameegemea, kila mmoja na uvimbe mdogo kifuani. Nesi wa pale alinifundisha kwa mikono yake. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Alazwe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kigeuzwe upande mmoja na kiinuke kidogo asije akaziba pumzi, miguu ikunjwe kama ya chura. Khanga ipite juu yake, ifungwe imara, usawa wa sikio lake. Halafu sweta na blanketi juu. "Usiku na mchana," alisema. "Ukienda chooni mpe mwingine, usimwache kitandani. Huyu hana mafuta mwilini ya kujitengenezea joto. Akipoa, sukari inashuka, pumzi inasimama."

Akatuambia pia kwamba njia hii ilianzia Bogotá, huko Kolombia, mwaka 1978, hospitali iliyokuwa na watoto wengi na mashine chache, ikabidi madaktari wawakabidhi mama zao. Mama mmoja wa kutoka Makete akauliza kama huko nako kuna baridi. Nesi akasema ni juu milimani kama kwetu. Tukatazamana.

Kulisha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Njiti wa umri ule hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, kwa hiyo mpira mwembamba ulipita puani mpaka tumboni, na mimi nilikamua maziwa kwenye kikombe kidogo. Siku ya kwanza yalitoka matone, mazito, ya njano. Niliona aibu kuyapeleka. Nesi aliyapokea kwa mikono miwili, akayavuta yote kwenye bomba la sindano, hakuacha hata lililoganda ukingoni. Kila saa mbili, mchana na usiku. Uzito ukashuka hadi gramu 1,590, na ingawa tulikuwa tumeambiwa kwamba watoto wote hupungua kidogo siku za mwanzo, nililia mpaka mtoto akayumba kifuani.

Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka Iringa na basi la asubuhi kupitia Makambako, amebeba unga wa ulezi, kuku wawili na mafua makali. Mafua yakamnyima mjukuu. Nesi alimwambia kwa heshima kwamba haruhusiwi kusogea karibu, akakubali, akahamia kwa ndugu pale mjini na kutuletea uji na supu asubuhi na jioni, anaishia mlangoni. Alinipungia mkono tu. Mume wangu alikuwa amerudi kijijini kutafuta fedha.

Nikapatwa na homa. Matiti yalikuwa yamejaa na kuwa magumu, nikatetemeka, daktari akanianzishia dawa, na nesi akasema nahitaji kulala saa kadhaa. Nani atambeba mtoto? Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kama alivyokaa tangu usiku wa pikapu.

Alisita. Niliona anasita. "Mwili wa kizee huu una joto gani?" alimuuliza nesi. "Mchukueni kijana yeyote hapo." Nesi akamjibu kwamba mtu yeyote mzima wa afya, asiye na kikohozi wala ugonjwa wa ngozi, anaweza. Akapelekwa kuoga. Akavua sweta, akavua lile la ndani, akakaa kitandani kwangu na kifua wazi mbele ya wanawake tuliokuwa rika la binti zake, macho chini. Binti yangu akalazwa pale. Mikono ya mama mkwe ilitetemeka mpaka khanga ilipofungwa. Kisha ikatulia.

Baada ya saa moja nesi alikuja na kipimajoto, akakiweka kwapani mwa mtoto. "Thelathini na sita nukta nane. Safi kabisa." Mama mkwe akaomba aambiwe tena. Akauliza kama mimi huwa napata ngapi. Akaambiwa sawasawa na hiyo. Siku ile nzima kila aliyeingia, awe mfagiaji, awe mgeni wa kitanda cha pili, alipewa salamu na namba: "Kamwene. Thelathini na sita nukta nane."

Usiku ndipo aliponieleza. Alizaa njiti kabla ya mume wangu, wa kiume, kijijini, kipindi hiki hiki cha baridi. Wakamzungushia pamba, wakamweka kwenye kikapu karibu na mafiga, na yeye akakesha anachochea moto. Alikuwa akimgusa kwa kidole tu, maana wakubwa walimwambia mikono itamchosha. Upande wa moto mtoto alikuwa wa moto, upande wa pili wa baridi. Hakufika wiki. "Mimi nilikuwa pale pale," alisema. "Kifua hiki kilikuwa pale pale." Sikuwa na neno. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo, na mjukuu wake akikoroma kidogo katikati ya khanga.

Tangu hapo hakuna aliyemnyang'anya zamu. Tulipogawana siku alichukua alfajiri, saa ambazo baridi ni kali zaidi, na alipomaliza alimkabidhi mtoto huku ananitajia joto. Uzito ukaanza kupanda, gramu chache chache, mpira ukatolewa puani, tukahamia kikombe, kisha titi. Siku tuliporuhusiwa alikuwa na gramu 1,850 na ananyonya mpaka jasho linamtoka.

Nyumbani wanawake wa jirani walikuja na viazi, mahindi na ushauri. Mmoja alituletea jiko la mkaa lililokwisha kuwaka, kwa upendo kabisa, liwekwe chumbani kwa mzazi na mlango ufungwe. Mama mkwe alilipokea, akashukuru, akalipeleka nje kuchemshia maji ya kunikanda. Nesi alikuwa amemwambia kuhusu hewa ya mkaa isiyo na harufu wala rangi, na kwamba kifua kidogo kama kile ndicho kinachotangulia kuzidiwa. Huku kwetu msimu wa baridi haupiti bila kusikia kuna watu wamelala na jiko wasiamke. Naomba anayesoma haya akiwa Makete, Mafinga au Tukuyu asilipitie haraka jambo hili. Jiko libaki nje. Joto la mtu linatosha.

Mume wangu naye alipokea zamu yake, jioni, akitoka shambani kwenye miti. Wenzake walimkuta amekaa barazani ndani ya koti kubwa, kofia ndogo ya rangi ya njano imechungulia kolani. Walidhani wanaona vibaya. Aliwaeleza, kwa utulivu wake ule ule, na mmoja wao mwaka uliofuata mke wake alipojifungua mapacha wadogo alikuja kuomba aonyeshwe khanga inafungwaje.

Nesi alituambia mtoto mwenyewe atatujulisha siku ya kuacha. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nane, kliniki walishaandika kilo mbili na nusu kwenye kadi yake. Alfajiri, zamu ya mama mkwe, nikamsikia anabishana na mtu. Mtoto alikuwa ametoa mkono nje. Akaurudisha. Ukatoka mguu. Akaurudisha, akakaza khanga, mtoto akajinyoosha kwa nguvu, akapiga kelele, khanga ikafunguka.

"Haya, mwalimu, njoo umchukue," aliniita. "Huyu sasa ana joto lake."