Siku Moja Chalbi, Kutoka Marsabit Hadi Kalacha

Tulitoka mji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, alfajiri ili kuvuka jangwa la Chalbi, tumeshakula anjera, chapati laini za unga uliochachushwa, na kubeba maji lita 10 kwa kila mtu, mbali na ya rejeta. Kituo cha kwanza kilikuwa ukingoni mwa Gof Choba, shimo kubwa la volkano kando ya barabara ya Moyale. Asubuhi ndiyo saa ya kulitazama. Baadaye joto hutia ukungu kila kitu.

Tulipoiacha lami tukashika njia ya Maikona. Kwenye mawe meusi dereva aliacha upepo wa kutosha matairini, maana tairi laini huchanika ubavuni. Tulipofika mchangani akaupunguza hadi paundi 20 hivi, tairi likatanuka na kukanyaga juu badala ya kuchimba.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Juu kuna ganda jeupe la chumvi, chini yake udongo laini ambao ukilowa huwa tope la kumeza gari hadi ekseli. Hata kiangazi, penye rangi iliyokoza pana unyevu, kwa hiyo tulifuata alama za magari yaliyotangulia. Mbele yetu mazigazi yalionyesha maji tele. Misafara ya ngamia ilionekana ikielea, miguu haipo.

Kalacha, kijiji cha ukingoni mwa jangwa, ina chemchemi na mikoma, na hapo ndipo tulipokula vizuri kuliko kote: nyirinyiri. Nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu vyembamba, huanikwa ikauke, kisha hukatwakatwa vidogo na kukaangwa kwenye mafuta kwa moto wa wastani. Moto ukizidi, nje huungua na ndani hubaki maji, na maji hayo ndiyo yanayoiozesha.

"Mama, unajuaje imekuwa tayari?" tulimuuliza mpishi.

"Sikiliza mafuta. Yakinyamaza, maji yamekwisha."

Ikipoa hutiwa chomboni pamoja na mafuta yake, yaifunike kabisa hewa isiingie. Hukaa miezi. Kwangu hakuna chakula cha safari kinachoishinda.

Tuliteremshia kwa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Chombo hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kutiwa maziwa, na moshi huyachelewesha kuharibika. Mgeni aanze na kikombe kimoja. Akinywa mengi siku ya kwanza, tumbo litamwendesha, na hadi Marsabit vichaka ni vichache.