Mabati Ishirini

Kile kipande cha hotuba ya Mwalimu Nyerere kuhusu viboko huzunguka kwenye simu kila mwaka, na watu hucheka. Mimi kila nikikisikia huona mabati.

Mei Mosi ya 1995 baba alinipandisha basi la alfajiri kutoka Mbozi kwenda Mbeya mjini. Nilikuwa na miaka 11. Yeye alikuwa karani wa mizani kituo cha kununulia kahawa, na siku ya wafanyakazi aliihesabu kuwa yake kabisa. Hata shati alilipiga pasi mwenyewe, jambo lisilo la kawaida.

Uwanja wa Sokoine ulifurika. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikamwona Mwalimu Nyerere kwa mbali, mdogo kuliko nilivyomdhania. Madaraka alishayaachia tangu 1985, ila alivyosema hukudhani ni mstaafu. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa Oktoba. Akauliza hao wanaopakimbilia Ikulu kwa fedha wanafuata nini huko, kwa maana Ikulu ni mahali patakatifu, si pango la walanguzi. Mengi yalinipita. Ila alipofika kwenye sheria ya zamani nilitega sikio: mla rushwa alifungwa miaka isiyopungua miwili na kuchapwa viboko 24, 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe. Uwanja mzima ulilipuka. Baba alicheka mpaka akatoa leso.

Jioni jikoni akamsimulia mama yote. Baba alijua kuigiza. Sauti ile ya Mwalimu aliipata hasa, na kile kicheko chake pia. Alitwaa mwiko akalipiga gunia la mkaa, moja, mbili, tatu, hadi 12, akazunguka kuonyesha mtu akitoka jela, akalipiga tena 12. Mdogo wangu aligaragara sakafuni kwa kucheka. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Akamwonyeshe nani?" akauliza.

"Mkewe!" baba akasema, bado anahema.

Mama akapepeta mara moja, makapi yakaruka. "Na mimi, Baba Tumaini, utanionyesha lini?"

Nje, ukutani mwa jiko, yalikuwa yameegemezwa mabati 20 mapya, yamefungwa kwa waya. Aliyaleta mnunuzi mmoja kwa pikapu wiki mbili nyuma, usiku, msimu wa kahawa haujaanza. Sisi watoto tulijua ni ya kuezekea jiko, maana nyasi zilikuwa zimeoza. Kwa nini mtu atupe mabati bure, hilo sikuwa nimejiuliza.

Baba aliurudisha mwiko mahali pake. Akasema, "Mama Tumaini, watoto wapo." Mama akasema anawaona. Tulikula ugali na maharage, hakuna aliyenena.

Hawakugombana, si siku ile wala baadaye, angalau si mbele yetu. Mabati yalikaa pale Mei yote, kuku wakawa wanalala nyuma yake. Kisha asubuhi moja ya Juni nilikwenda kufungulia kuku nikakuta ukuta mtupu, na kwenye udongo alama ndefu ya pale yalipokuwa yamesimama.

Mvua za Novemba zilitukuta tukipika chini ya nyasi zilezile. Mama aliweka sufuria pale palipokuwa panavuja, na baba ndiye aliyekuwa anaimwaga.