Sufuria ya Shangazi

Mwaka 2014, nilipokuwa nikiishi na shangazi yangu Kayole, tuliamua kutengeneza sabuni ya vipande ili kuongezea pato la kibanda chake cha mboga. Mafuta ya mawese tulikuwa nayo. Haidroksidi ya sodiamu, ambayo wauzaji wa Nairobi huiita kostiki soda, niliinunua mjini, kilo moja ya vipande vyeupe vyembamba. Shangazi, aliyezoea magadi ya kulainishia maharagwe, alidhani ni kitu kilekile, nami nikamweleza kwa majivuno ya mtu aliyefaulu kemia kwamba magadi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganyika na baikaboneti, na kwamba ukali wake haufikii hata robo ya ukali wa hii.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekosea. Nilikumbuka kupima gramu 140 kwa kilo moja ya mafuta, na nilikumbuka kuitia soda ndani ya maji badala ya kuimwagia soda maji, kwa kuwa inapoyeyuka hutoa joto kali linaloweza kuurusha mchanganyiko usoni. Nilichosahau ni kwamba sufuria niliyoichukua, kama sufuria nyingi za mjini, ilikuwa ya alumini.

Maji yalianza kupata joto, kisha yakachemka pasipo moto. Povu la kijivu lilipanda hadi ukingoni huku mvuke wa kuwasha koo ukijaa chumbani, kwa maana soda ilikuwa ikiila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua tatu tu kutoka pale.

"Toa jiko nje, wewe!" shangazi alifoka, akiwa ameshafungua mlango.

Nililitoa. Niliporudi kuisogeza sufuria, tone moja liliniangukia kifundoni mwa mkono. Halikuuma mara moja. Liliteleza tu kama sabuni, na kwa kweli lilikuwa likigeuza mafuta ya ngozi yangu kuwa sabuni. Jirani alikuja na siki, lakini shangazi alimzuia, akanishikilia mkono chini ya bomba la ploti hadi wanawake waliopanga foleni na mitungi yao wakaanza kunung'unika.

Sufuria ilibaki nyeusi, chini imekuwa nyembamba kama karatasi. Wiki iliyofuata tulichanganya upya ndani ya ndoo ya plastiki nzito, nje, na shangazi ndiye aliyeshika mwiko.